Unga Mweupe wa Segese

Bernadina ng'wana Magesa, binti wa Magesa mwana wa Mageni. Mageni huyo ndiye aliyeswaga ng'ombe kutoka Didia mwaka wa njaa, fisi wakimwandama, asipoteze hata ndama. Magesa alichimba kisima kwenye mwamba uliowashinda wenye baruti. Lusia, mama yake Bernadina, alizalisha wanawake kwa mwanga wa koroboi mpaka nyusi zikaungua. Na Bernadina mwenyewe ndiye aliyewasha tyubulaiti ya kwanza kibarazani pale Segese, watu wakaja na sahani zao kushangaa ugali ulivyo mweupe. Tangu hapo anauza taa, na hajamuuzia mtu taa ambayo yeye hakuiwasha kwanza.

Basi bei zilipopanda, zikapanda tena, wachimbaji wa dhahabu wa pale wakaanza kumwita mnyonyaji. Neno lile likamkaa kooni kama mwiba wa sato. Akapanda gari mpaka Nyahanga, Kahama, kwa Ignas anayemuuzia kwa jumla. Ignas akamweleza: ule unga mweupe uliopakwa ndani ya tyubu ndio unaotoa mwanga, na umechanganywa na madini adimu ya nchi za mbali. Wenye madini wameyabana. Viwanda vingine vimeongeza bei, vingine vimepunguza unga, ndiyo maana taa za bei rahisi siku hizi zinafifia kabla mtu hajazizoea. Hata balbu za LED zina unga huo, ila kidogo.

Bernadina akarudi na tyubu chache, akasimama kibarazani. "Nani mnyonyaji? Humu ndani mna madini ghali! Kamuulizeni Ignas!"

Jamani, neno madini halitamkwi ovyo mbele ya watu wa Segese. Kabla ya adhuhuri tyubu zile zilikwisha, wakinunua hata wasio na umeme nyumbani. Kisha za vibarazani zikaanza kutoweka. Ikatoweka ya kanisani. Bernadina alicheka, mpaka siku kicheko kilipomkatikia mdomoni.

Ilikuwa jioni, mawingu ya mvua yameleta giza mapema. Vumilia, kitinda mimba wake, alikuwa zahanati ya mtaani kwao akijifungua, Bernadina kando yake. Mtoto keshatoka, analia vizuri, lakini damu ya mama haikomi. Muuguzi Epifania akabonyeza swichi. Giza. Akatazama juu: fremu tupu.

"Zilikuwepo asubuhi, zote mbili," akasema. "Mama, lazima nione pa kushona. Hii simu inanionyesha vivuli tu. Nimembana, lakini mkono wangu una mwisho."

Dukani kwa Bernadina zilibaki balbu tu, na fremu ya tyubu haipokei balbu. Alijifunga kanga kiunoni, akakimbia hadi mwaloni kwa Gregory, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, maana tetesi zilisema tyubu zinaishia huko. Mbio za mwanamke wa umri wake, waliomwona walidhani kuna msiba.

Gregory, mkuu wa duara, yaani shimo la wachimbaji, alikaa juu ya ndoo. Pembeni yake vipande vya tyubu, na nyingine nzima zimelazwa juu ya gunia kama miwa.

"Mwadila, mayu," akamwamkia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama, bila kunyanyuka. "Umefuata mgao wako?"

Wenzake wakacheka.

"Nimefuata tyubu za zahanati. Mwanangu anavuja damu."

Kicheko kikapungua, hakikuisha. "Tyubu hazina majina, mayu. Tunazivunja zote sasa hivi, tupate mzigo wa kutosha kuchoma, tutoe madini." Mmoja akainua nyundo.

Kulia kungefaa nini? "Gregory! Sampuli yako iko wapi?"

Nyundo ikasimama hewani.

"Tangu lini duara likafunguliwa kabla sampuli haijaoshwa? Baba yako ndivyo alivyokufundisha? Unga wa zilizovunjika si huo hapo? Osha nione. Ukipata kitu, hizi zenu, na balbu zangu zote za dukani zenu. Ukikosa, nachukua zote."

Mchimbaji gani ameze hayo mbele ya wenzake? Gregory akavuta karai, akamimina unga na maji, akaanza kuzungusha. Na Bernadina, nakuambia, hakujua kitakachoonekana chini. Ignas alisema madini, na Ignas si mwongo.

Maji meupe kama maziwa yakamwagika ukingoni, yakaenda zake. Akazungusha tena. Chini ya karai kitu kikametameta.

"Ipo! Bosi, ipo!"

Bernadina akasogea aone. Gregory akatia kidole, akasugua kama wachimbaji wanavyosugua, kisha akautoa mkono upesi. Damu.

"Dhahabu haikati, Gregory," Bernadina akasema. "Hicho ni kioo."

"Bosi kachimba chupa!" mmoja akapasuka, na wote wakamfuata.

Gregory aliyatazama maji yaliyokwenda. "Si ulisema yamo?"

"Yamo. Umeyamwaga. Hayo ni ya viwandani, si ya karai. Sasa nibebee!"

Gregory alizibeba mwenyewe, akikimbia huku amezikumbatia kama mayai. Kufika zahanati akapanda juu ya meza. Tyubu ya kwanza ikapepesa, ikagoma. Vumilia hakuwa akilalamika tena, na hilo ndilo lililomtisha mama yake. Ya pili ikapepesa, ikatulia, chumba kikawa cheupe.

"Tokeni," Epifania akasema, akainama.

Walikaa kwenye benchi la nje, mvua ikipiga bati, Gregory kafunga kidole kwa kitambaa. Hatimaye mlango ukafunguliwa.

"Imekoma. Anaomba uji."

Bernadina akafuta uso kwa kanga.

"Nisamehe, mayu," akasema Gregory.

"Msamaha una kazi yake, ng'wanawane," akamjibu kama anayemjibu mwanawe. " Kesho utazirudisha zile zilizobaki, mlango kwa mlango, uzipandishe mwenyewe. Kisha nenda Nyahanga kwa Ignas ukaniletee mzigo. Bei atakutajia yeye, na sababu atakueleza. Ukirudi, utasimama kaunta yangu, uwatajie wenzako bei hiyo kwa mdomo wako. Wakikuita mnyonyaji, waeleze. Na kila taa, Gregory, iwashe kwanza."