Mama Presha na Waandishi Wenzake

Hospitali nzima inamwita Mama Presha, na jina hilo amelitolea jasho. Kwa miaka mitatu daktari huyu amewapima shinikizo la damu wajawazito mia sita na kumi na wawili, kliniki na majumbani kwao, tena mwaka wa mwisho naye akiwa na mimba ya mwanawe wa pili. Mimi ni karani wa idara yake. Niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Makala ya utafiti huo ilipokamilika, alihitaji kitu kimoja tu: jina lake litangulie, apandishwe cheo. Wanasema mchumia juani hulia kivulini. Idarani kwetu walaji wako kivulini tangu asubuhi. Wakajitokeza mabwana watano wakitaka nao wawe waandishi, na mmoja wao, Profesa, mkuu wetu, awe wa kwanza.

"Ndiyo utaratibu, mwanangu," Profesa alimwambia. "Mkubwa hutangulia."

Mama Presha akachukua kipimo chake, akarudi kliniki. Ingekuwa mimi, mbona pangechimbika!

Kumbe jarida lilikuwa na fomu yake: kila mwandishi aeleze alifanya nini, na nafasi moja ikibaki tupu, fomu haiendi. Nikapita ofisi hadi ofisi na daftari, mpole kweli kweli.

"Andika nilisaini ruhusa ya gari," Profesa akasema, macho kwenye simu.

Wa pili alitoa ushauri. Ushauri gani, mzee? "Nilimwambia asichelewe." Wa tatu alikuwa masomoni ng'ambo, ila moyo wake ulikuwa nasi. Wa nne aliazimisha meza. Wa tano akaniuliza utafiti wenyewe unahusu nini.

Sasa mimi ni nani hata nisahihishe maneno ya wasomi? Nikayaandika yote kwenye fomu kama yalivyotamkwa. Profesa akasaini bila kusoma, maana kusoma ni kazi ya wadogo.

Baada ya wiki tatu jarida likajibu kwa adabu zote: kwa kanuni zao, mwandishi hapa ni mmoja tu, daktari aliyepima. Wengine wangeweza kushukuriwa mwishoni, akiwemo bwana wa gari. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole! Profesa alitaka makala iondolewe, lakini angeiondoaje wakati si yake? Ikachapishwa. Mama Presha alinikumbatia mpaka miwani ikanidondoka, nami nikacheka wiki nzima kama mwehu.

Mwezi uliofuata ikakaa kamati ya kupandisha vyeo. Barua yake kwa Mama Presha niliichapa mimi. Ombi limekataliwa, kwa kuwa makala yenye jina moja inaonyesha kwamba mwombaji hajui kushirikiana na wenzake.

Nikampelekea mwenyewe. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni.

"Dada yangu," akaniuliza, "kamati ilikuwa na nani?"

"Wenzako," nikamjibu. "Wote watano."