Baiskeli Isiyo na Mzigo

Kuna Jumamosi moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo nitakusimulia. Usiniangalie hivyo. Najua mimi niko kidato cha nne tu, na wewe umeripoti kidato cha kwanza juzi, shingo nyembamba ndani ya kola ya kaka yako. Lakini uzee si mvi. Uzee ni kula maharage ya shule miaka minne na bado ukabaki na meno ya kuchekea. Kwa hesabu hiyo mimi ni babu yako kabisa. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, sogea karibu.

Ulikuwa wakati wa rashi ya dhahabu. Wewe ulikuwa bado shule ya msingi unaogopa kubadilishana penseli. Ilisemekana dhahabu imeonekana kwenye vilima vya huku kwetu, nje ya Mugumu, na ghafla tukawa na majirani kutoka kila mkoa. Shamba lililokuwa la mtama asubuhi, jioni lilikuwa na mashimo kama kichwa cha mtu aliyenyolewa na mdogo wake. Na barabara! Malori ya mawe yanakwenda kwenye karasha, ile mashine ya kuyasaga, pikipiki zimebeba watu watatu na sururu tano, vumbi mpaka kwenye ugali. Mtu wa baiskeli kwenye barabara ile alikuwa kama kuku siku ya harusi: kila aliyemwona alimhesabu kuwa ameshakwisha.

Ndiyo sababu mimi na dada yangu Ghati, binti wa mama mdogo, tukaikimbia barabara tukaenda kwenye mfereji.

Mfereji wenyewe unatoka bwawani, unashuka polepole kando ya bustani za vitunguu za kina mama, unazunguka mawe makubwa, halafu unakwenda kuishia mbugani, karibu na mpaka wa hifadhi. Juu ya tuta lake kuna njia nyembamba. Gari haliingii. Pikipiki ikijaribu inaoga. Lakini baiskeli inateleza pale kama vile njia ilichongwa kwa kipimo cha matairi yake. Unasikia maji upande mmoja, ndege upande wa pili, na cheni yako inayolia kwa kukosa oili. Basi. Hakuna honi wala anayekutukania mama yako.

Tulikuwa na mchezo wetu. Ghati anakata kipande cha jani la mgomba, anakiweka majini, na sisi tunalifuata jani. Ni marufuku kulipita. Ni marufuku pia kuweka mguu chini. Usidhani ni rahisi, mwanangu. Kwenda mbio hata mbuzi anaweza. Kwenda polepole bila kuanguka kunataka akili, na siku nyingi niliyeanguka ni mimi. Mwendapole hajikwai, wamesema wahenga, lakini wahenga hao hawakuwahi kupanda baiskeli ya baba yangu mdogo yenye usukani uliopinda.

Tulifanya hivyo kila Jumamosi baada ya kufua. Tukiondoka hatuna gunia, hatuna dumu, hatuna hata mkungu wa ndizi kwenye keria. Tukirudi tumelowa miguu na tunacheka. Sasa fikiria hilo wakati wa rashi.

Huku kwetu baiskeli haitoki nyumbani bure. Inabeba mahindi kwenda mashineni, inabeba mgonjwa, inamfuata ng'ombe aliyepotea, inapeleka habari ya msiba. Mtu aliyepanda baiskeli mchana kweupe bila mzigo, anakwenda mwendo wa kinyonga, anaangalia maji, huyo anatafuta kitu. Na akirudi anacheka, huyo amekipata.

Watu wakaanza kutuuliza. "Mnakwenda wapi, mura?" Mura ni kijana, kwa lugha ya huku kwetu. Mimi na mdomo wangu huu, unaufahamu, sikuweza kujibu kama mtoto wa watu. Siku moja nilisema tunakwenda kumsalimia shangazi anayeishi majini. Siku nyingine mzee mmoja aliyekuwa anachunga alinisimamisha, nikamjibu bila hata kusimama, "Mzee, tukikwambia tutakosa usingizi!" Ghati alinionya. Alisema, "Wewe, hawa watu siku hizi hawana masikio ya utani." Nikamwambia utani haujawahi kuua mtu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini mimi wakati ule usaha nilikuwa nauona kwa wenzangu tu.

Basi Jumamosi hiyo tumefika mferejini tukakuta watu. Wanaume kama kumi na tano wamepanga mstari juu ya tuta, wana sururu na majembe, wameshapiga vigingi na kufunga kamba kugawana sehemu. Mbele yao amesimama Bibi Robhi.

Bibi Robhi ndiye mwangalizi wa maji. Yeye ndiye anayefungua na kufunga, leo maji kwa huyu, kesho kwa yule, na hakuna mwanamke wa bustani anayebishana naye. Ni mfupi kama kinu. Alikuwa amesimama katikati ya njia na jembe begani. Akasema, "Atakayetoboa tuta hili, anitoboe mimi kwanza. Vitunguu vya watu viko karibu kukomaa. Maji yakimwagikia porini wiki moja tu, hawa wanawake watavuna nini? Mashimo yenu?"

Bosi wao alikuwa mtu wa Shinyanga aliyeitwa Masanja, jitu jeusi, pana, lenye sauti ya upole kuliko ulivyotegemea. "Mama, hatuna ugomvi na wewe," akasema. "Tunataka hawa watoto watuonyeshe tu." Akatugeukia. "Dogo, karibu. Sema ni wapi. Mgao wenu upo."

"Hakuna kitu," nikasema.

Wakacheka wote. "Mwenye nayo husema hivyo hivyo," akasema mmoja mwembamba aliyevaa kofia ya sufu juani.

"Kweli kaka, tunaendesha tu," Ghati akasema.

"Mnabeba nini?"

"Hatubebi."

"Mnamfuata nani?"

"Tunafuata jani."

Hapo walicheka mpaka wengine wakashika majembe wasianguke. Mwembamba akasema, "Lisemwalo lipo! Huyu huyu wa kiume alimwambia yule mzee anayechunga, akisema siri atakosa usingizi!"

Mwanangu, kuna joto fulani linaanzia kwenye visigino. Kadiri nilivyokataa, ndivyo walivyozidi kuamini. Nilisema hapana mara nyingi mpaka hata mimi nikaanza kujiuliza kama hakuna dhahabu mahali pale. Na kila hapana yangu ilikuwa inasogeza sururu karibu na tuta. Nikaona vitunguu vya mama mdogo vinanyauka mbele ya macho yangu, na njia yetu inageuka shimo.

Bibi Robhi akaniita. Hakupaza sauti. "Mura, mtu mzima alikuuliza safari, ukamjibu ukiwa wapi?"

Nikajifanya naangalia cheni.

"Nimekuuliza ulikuwa wapi."

"Juu ya baiskeli, Bibi."

"Juu ya siti! Ukampita kama mbwa anavyopita kanisa. Ungeshuka, ungeshika usukani, ungesema shikamoo mzee, tunatembea tu tunapunga upepo, angekuona mjinga akaenda zake. Mjinga hachimbiwi tuta. Lakini wewe umempa fumbo, na mtu mwenye njaa ukimpa fumbo atalila na mfupa wake." Halafu akawageukia wachimbaji. "Na nyie. Mnataka kuonyeshwa? Wekeni chini hivyo vyuma. Tafuteni baiskeli, mwende nao mpaka mwisho wa maji, mwendo wao ule ule. Mkiona chembe, rudini mchimbe, na mimi nitawashikia taa. Msipoona, mtang'oa vigingi vyenu na kunizibia ile sehemu ya juu inayovuja."

Masanja alimwangalia, akatuangalia, akasema, "Sawa, mama."

Yeye akaazima baiskeli ya muuza chai aliyekuwa amewafuata wachimbaji. Mwembamba akachukua ya Bibi Robhi mwenyewe, ya kike, yenye kikapu. Wa tatu akapata moja isiyo na breki. Ghati akakata jani, akaliweka majini, tukaondoka.

Nakwambia, sijawahi kuona msafara kama ule. Yule asiye na breki hakufika hata kwenye mti wa kwanza. Alilipita jani, akalipita na tuta, tukasikia pwaa. Mwembamba alianguka mara mbili, ya pili akiwa amekumbatia kikapu kama mtoto. "Kanyaga kidogo kidogo, kaka!" Ghati akampigia kelele, hofu yote imemtoka. "Usiangalie tairi, angalia mbele!"

Lakini Masanja! Mtu wa Shinyanga, mwanangu, amezaliwa kwenye baiskeli. Alikaa wima, magoti yamefunguka, anaenda polepole kuliko sisi wote, kama vile anasukumwa na pumzi yake tu. Alikuwa haangalii maji. Alikuwa anatuangalia sisi. Kwenye mawe makubwa jani likakwama. Tukazunguka pale pale tukilisubiri, naye akazunguka. Likatoka, tukaenda. Njiani tukakutana na mama aliyejitwisha kuni. Mimi nikashuka. Nikasema shikamoo nikiwa chini kabisa, miguu yote miwili, mpaka mama wa watu akashtuka akauliza nani amekufa.

Tukafika mwisho. Maji yanatawanyika kwenye majani, hayana kelele tena. Ng'ambo, ndani ya hifadhi, pundamilia walikuwa wanakula bila habari na rashi yetu. Jani likazama kwenye tope. Mwembamba akaruka, akaingia mikono yote miwili kwenye tope hilo, akalichambua, akalinusa. Tope.

"Wamezika mahali pengine," akasema. "Bosi, hawa watoto wajanja. Tutoboe tu."

Hapo nikamwangalia Masanja, kwa sababu neno lake ndilo lingeamua. Alikuwa ameketi juu ya baiskeli, mguu mmoja umegusa chini sasa.

"Nimechimba Geita, nimechimba Kahama," akasema. "Nimewafuata watu wengi wenye dhahabu, na mimi mwenyewe nimefuatwa. Mwenye dhahabu hugeuka nyuma. Hata akila, hata akienda kujisaidia, anageuka nyuma. Hawa nimewaangalia njia nzima. Hawajageuka hata mara moja."

Mwembamba akajifuta tope mikononi.

"Kwa hiyo ni hivi tu?" Masanja akaniuliza.

"Ni hivi tu, kaka."

"Na kesho hamuuzi kitu."

"Hatuuzi."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashuka, akaketi kwenye majani, akavua mabuti, akaweka miguu majini. Hakutaka kuondoka haraka. Ilibidi Ghati amkumbushe kwamba kuna muuza chai anasubiri baiskeli yake.

Vigingi viling'olewa jioni ile. Sehemu inayovuja ikazibwa na wanaume wote kumi na tano, na Bibi Robhi akawasimamia kama mwalimu wa zamu. Na Jumamosi iliyofuata, Masanja alikuja peke yake kwenye tuta na baiskeli ya kuazima, bila sururu, bila gunia. Kwa mbali nyuma yake, nyuma ya vichaka, wachimbaji wanne wageni walikuwa wanamnyemelea. Akashuka, akawasubiri, akawasalimia mmoja mmoja, akawaeleza kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba anatembea tu. Wakarudi.

Basi mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na hazina mtihani. Najua ulitegemea nikwambie ving'aavyo vyote si dhahabu. Sikwambii, kwetu hata visivyong'aa watu wanachimba. Nakwambia hivi: mtu mzima akikuuliza safari, shuka. Mjibu jibu lenye miguu miwili. Utani ni mtamu, mimi nautumia kila siku na sitauacha, lakini kabla hujautoa angalia anayeupokea ana njaa ya nini. Na usione aibu kwenda mahali bila mzigo. Watakuuliza unapata faida gani, na hutakuwa na cha kuwaonyesha. Nenda tu. Na ukiwa unakwenda, jipime: ukijikuta unageuka nyuma kila mara, jua umebeba kitu, na pengine ni afadhali ukitue.

Mungu akukuze, mwanangu, mpaka kola hiyo ikutoshe. Akupe njia zisizo na malori, upepo wa mgongoni, na jamaa wa kuazima baiskeli asiyeuliza maswali mengi. Pancha zako zote zikukute mbele ya mlango wa fundi, na fundi awepo.