Kitanda cha Mtoto wa Dada

Mama Nyuzi alisimama mlangoni mwa chumba cha bintiye akakitazama kama anavyomtazama mteja aliyeleta kitambaa kifupi na kutaka gauni refu. Aliinamisha kichwa upande huu, kisha upande ule. Jua la asubuhi lilikuwa limepenya dirishani, na vumbi la pamba lilielea ndani yake, jepesi, rangi rangi, likipanda na kushuka kama lisilo na haraka ya kufika popote.

Alikuwa fundi cherehani. Alishonea sebuleni, kwenye dirisha la barabarani, na mtaa mzima ulimwita Mama Nyuzi kwa sababu hakuwahi kutoka nje bila uzi kumng'ang'ania mahali: begani, kwenye nywele, siku nyingine kwenye kope. Walisema ni mtu wa kuota mchana. Unamsimulia shida zako, mguu wake unakanyaga pedeli, mdomo unasema "ehee, ehee", macho yapo mbali kabisa. Wiki inapita, ukidhani hakusikia neno, anakuuliza, "Na yule mkweo, sufuria alirudisha?"

Sasa alikuwa na shida yake mwenyewe. Dada yake mkubwa alikuwa amefariki na kuacha binti, na binti huyo, ambaye baba yake alitangulia zamani, alikuwa akikaa kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa na nyumba iliyojaa watu hadi kwenye korido. Alikuwa amepiga simu, na hakuzungusha maneno.

"Wifi, unamtaka mtoto, nami sikunyimi. Lakini awe na kitanda chake. Sitaki alale sakafuni kama mgeni, wala abanwe kitanda kimoja na mwenzake. Jumamosi namleta. Nikikuta hana pa kulala narudi naye hapo hapo, nampeleka shule ya bweni. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, wifi."

Kwa hiyo alitoa tepu shingoni akaanza kukipima chumba. Hakujua kupima kitu chochote isipokuwa kama mwili. Ukuta wa dirisha, uliokuwa na kitanda cha bintiye, aliuona kama upande wa kulia. Ukuta mrefu unaotazamana nao, uliofunikwa na magunia ya vibaki vya vitambaa mpaka karibu na dari, ulikuwa upande wa kushoto. Ukuta mfupi wa nyuma ulikuwa kiuno, na hapo paliwezekana kitu. Alipita hapo na tepu taratibu, midomo ikinong'ona namba, na tayari alikiona kitanda kimekaa pale, na mtoto wa dada amelala juu yake, na shuka la bluu lenye pindo jeupe. Aliona hata jinsi pindo lilivyokunjwa pembeni.

Akaenda kwa seremala, akamtajia kipimo huku bado akiliona shuka lile.

Kilichobaki ni kuondoa vitu vilivyorundikwa kwenye ukuta wa nyuma, na vitu hivyo vilikuwa na mwenyewe. Bintiye aliitwa Kiwavi, kwa kuwa tangu mdogo alijizungushia vitambaa akabaki pua tu. Aliketi sakafuni, mikono kifuani, kama askari wa getini.

"Hili boksi la nini?"

"La mawe."

"Na hili?"

"La mawe mengine. Hayapatani na yale."

"Mawe yamegombana, Kiwavi?"

"Hayajagombana. Hayajazoeana."

Mama Nyuzi akacheka mpaka akakaa. Kisha akafanya kile anachokifahamu. Alichukua turubai nzito iliyobaki kwenye kazi ya mapazia, akaikata pana kama ukuta, akashona mifuko juu yake, safu kwa safu: mikubwa chini kwa viatu, ya wastani katikati kwa soksi na chupi, midogo juu kwa vikorokoro. Kiwavi akasimama karibu na cherehani akitoa amri. Mfuko wa mawe uwe na kifuniko. Mfuko wa vifuniko vya chupa uwe mbali na mfuko wa mawe. Mdoli apewe mfuko ulio juu ya kichwa cha kitanda ili aone nani anaingia. Nguo zilizokuwa ndogo kwake zilikunjwa zikatolewa, na maboksi matupu yakatupwa. Jioni ukuta wa nyuma ulikuwa mweupe kabisa, na mama na mtoto walisimama wakiushangaa kama wameona uwanja.

Ijumaa mchana seremala alileta kitanda kichwani. Alikuwa mtu mwembamba wa maneno mengi, na alipenda kazi yake ya mbao za msonobari, zilizopigwa randa hadi zikateleza kama sabuni. Akaingiza matendegu ya mbele, akasukuma. Kitanda kikagoma. Akakiinua, akakigeuza, akasukuma tena. Upande mmoja uligusa ukuta, na upande wa pili ulikuwa bado nje, umekwaruza chokaa.

"Mama Nyuzi, ukuta wako umesinyaa?"

"Umekosea kipimo wewe."

"Mimi?" Akatoa rula yake, akapima kitanda. "Ndicho ulichonitajia, sentimita kwa sentimita." Akapima ukuta. Akapima tena, akamtazama. "Mbona ukuta ni mfupi kuliko ulivyosema?"

Mama Nyuzi akatazama vidole vyake. Vidole viwili huku, vidole viwili kule. Ndivyo alivyokuwa amepima maisha yake yote: unapima mwili, unaongeza vidole viwili kila upande, kwa sababu kitambaa kitaliwa na mshono. Mkono ulikuwa umeongeza wenyewe, akili ikiwa kwenye shuka la bluu.

"Niliongeza ya mshono," akasema kwa sauti ndogo.

Seremala akaweka rula chini polepole. "Ulitaka nikishone kitanda ukutani?" Akacheka akaegemea mlango. "Jamani! Nimefanya kazi na watu wengi, lakini mbao yenye upindo ndiyo leo!"

"Kipunguze basi."

Kicheko kikamkauka. "Kimeshagundishwa, mama. Nikikikata hapa, nakiua. Nikitengeneza mbao nyingine, mpaka wiki ijayo."

Alipoondoka, kitanda kilibaki kimesimama wima sebuleni kama mtu aliyekosa kiti. Mama Nyuzi alikaa kwenye cherehani bila kushona. Gari la maji lilipita barabarani, kisha mwendesha baiskeli, na kivuli cha kila mmoja kilipita juu ya kitanda. Alimfikiria dada yake alivyokuwa akimsuka nywele akimwambia tulia, tulia wewe, na mtoto wake atakavyosimama kesho mlangoni na kugeuzwa kurudi kwa sababu ya vidole vinne.

"Mama," Kiwavi akaita kutoka chumbani. "Kitanda kingeenea hapa kwenye magunia."

"Hapo pana magunia."

"Ndiyo. Magunia yana pa kulala. Dada hana."

Mama Nyuzi aliinuka akaenda. Alikuwa ameukagua ukuta wa nyuma, akayachungulia maboksi ya mtoto, akahukumu mawe na vifuniko. Ule ukuta mrefu hakuwa ameupima hata kidogo. Akili yake ilikuwa imeuruka, kama mtu anavyoruka kioo akiwa hajanawa uso. Magunia yale yalikuwa yake. Aliyaweka kwa sababu kibaki kinaweza kufaa kitu, na kwa sababu nyingine asiyowahi kuisema.

Akafungua gunia la kwanza. Pakatoka hariri ya bibi harusi wa duka la pembeni mwa mtaa, kisha kipande cha sare ya wauguzi, kisha maua ya manjano ya gauni alilomshonea mtu ambaye sura yake haikumjia tena. Aliviweka mapajani kimoja kimoja, na kila kimoja kilimpeleka mahali, akarudi, akaondoka tena. Chumba kikajaa wanawake waliosimama kimya wakinyoosha mikono wapimwe.

"Mama, umelala?"

"Sijalala."

"Sasa kazi itaisha lini?"

Ndipo akamtuma kwa fundi makenika wa jirani, ambaye kwa miaka alikuwa akiomba matambara ya kufutia oili na kunyimwa. Makenika alikuja mbio akiwa na mkokoteni, kabla mama hajabadilisha mawazo.

"Yote?" akauliza.

"Yote isipokuwa haya mapajani. Na hariri usifutie spana."

"Nitafutia uso," akasema, akasukuma mkokoteni akipiga mluzi.

Ukuta mrefu ulipobaki mtupu, ulionekana na rangi ya zamani, kijani changa, ambayo hakuna aliyekumbuka kuwa ipo. Kitanda kikaingia bila kugombana na mtu. Turubai ya mifuko ikaning'inizwa ukuta wa nyuma, katikati ya vitanda viwili.

Jumamosi shangazi alifika na mtoto, na begi. Mtoto wa dada alikuwa mrefu kuliko walivyomkumbuka, na alilishika begi lile kwa mikono yote miwili. Shangazi aliingia chumbani bila kukaribishwa. Alibonyeza godoro. Aliinama akachungulia chini ya kitanda. Alipita kati ya vitanda kiubavu, akatikisa tendegu.

"Padogo," akasema.

"Padogo, wifi."

"Lakini ni chake?"

"Chake."

Shangazi akamgeukia mtoto. "Wewe unasemaje? Sema sasa hivi, nisije nikafika nyumbani ukanililia kwenye simu."

Mtoto wa dada alikuwa anaitazama mifuko. Kiwavi alimwonyesha safu nzima, kuanzia juu hadi chini. "Hii mitupu. Sijaweka kitu. Nilitaka kuweka, mama akanitolea macho."

Yule mtoto akafungua begi. Akatoa kitana, akakitia kwenye mfuko. Akangoja, kama vile kuna mtu angemwambia akitoe. Hakuna aliyesema. Akatoa soksi. Kisha viatu. Kisha akaanza kutoa vitu haraka haraka, mikono ikipishana, mpaka begi likalegea, likalala sakafuni.

Shangazi alilichukua, akalikunja, akaliweka kwapani. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akijifanya anatafuta viatu alivyokuwa amevivaa.

"Anakoroma kidogo," akasema hatimaye. "Msimcheke."

"Hatutamcheka, mama mdogo wake nipo."

Alipoondoka, Mama Nyuzi alirudi kwenye cherehani akaanza kushona, mguu ukienda taratibu ili mlio usizibe masikio. Kutoka chumbani zilisikika sauti mbili zikibishana kama kitanda cha dirishani ni cha aliyetangulia au cha mkubwa. Hakwenda kuamua.