Mkasi wa Hermelinda

Shemeji yangu Hermelinda Mallqui hajui kubembeleza. Akitaka kitu anakisema. Ukikataa anakisema tena kwa sauti ileile, na ukikataa mara ya tatu anakaa mlangoni kwako na mfuko wake wa nyuzi mpaka uone haya. Namjua mwaka wa kumi na tisa huu, tangu kaka yangu Fausto amuoe, na muda wote huo tumetaniana kama mashemeji wanavyotaniana. Ananiita Nyumbu. Kazi yangu ni kupakia nyumbu mizigo ya wapanda mlima, lakini nina hakika ana sababu zake nyingine.

Yeye anashona mahema. Hapa Huaraz, mji wetu wa milimani, wageni wanaanza kuja Mei kupanda theluji, na wakiondoka wanatuachia mahema yaliyochanika, viraka vinamsubiri Hermelinda. Chumba chake kiko nyuma ya soko: cherehani ya miguu, lundo la vitambaa, na simbilisi wanaokimbizana chini ya meza wasijue lini watachomwa. Ukimpa hema hakuulizi limetoka nchi gani. Anafumba macho, anakisugua kitambaa karibu na sikio, halafu anasema, "Hiki kimezeeka," au, "Hiki kina miaka mitano." Hakosei. Inaudhi sana.

Mwaka huu, wiki ya kwanza ya Agosti, bosi wetu Don Rolando alimwita uani kwake akague hema jipya la wapagazi. Wapagazi walikuwa sita, Fausto ndiye kiongozi wao, na Jumamosi walikuwa wapande wakakae juu siku nane. Sasa Agosti kwetu ni mwezi wa upepo, na upepo wenyewe hauna adabu. Wageni hulala kwenye mahema ya misimu yote, yanayostahimili theluji na dhoruba. Wapagazi hulala kwenye kilichobaki. Miaka mitatu iliyopita kwenye hicho kilichobaki walilala watatu, asubuhi akaamka mmoja. Grimaldo, mdogo wake Hermelinda, hakuamka. Watu wakasema mlima umewachukua. Wakaupelekea majani ya koka na chicha, pombe yetu ya mahindi, wakauomba radhi, wakarudi kazini. Hermelinda hakwenda kuomba radhi, na watu walimsema sana.

Basi uani palikuwa na mahema ya aina mbili. La njano lilikuwa kubwa, refu, linang'aa, na jina la kampuni ya Don Rolando limechapwa ubavuni. Kando yake palikuwa na mawili mekundu, mafupi, mabaya kama viatu vya mvua, yaliyoletwa kwa ajili ya wageni wa mwezi unaofuata.

"Haya mama, tazama raha hiyo!" Don Rolando akasema, akilipiga la njano kofi. "Mtu mzima anasimama bila kuinama. Madirisha manne. Wote sita wanaenea."

Hermelinda akalizunguka. Akabinya fito, akavuta kamba, akapiga magoti kutazama chini.

"Zuri," akasema. "Kwa sherehe ya ubatizo."

Wapagazi wakacheka. Don Rolando hakucheka.

"Fito mbili, nyembamba kama vidole vyangu," akaendelea. "Nguo ya nje inaishia kwenye magoti, upepo unaingia chini na kulinyanyua lote. Na huo urefu wa kusimama, nani kakwambia upepo hautaki kitu kirefu? Wape yale mekundu. Fito nne zinapishana, nguo inafika chini na ina pindo la kulaliwa na theluji. Mawili, watatu watatu. Yanawatosha."

"Yale ni ya wageni."

"Wageni wana mama zao. Hawa nawajua mama zao mimi."

Hapo Sabino akaingilia. Sabino ni mpagazi mwenye mdomo, hata kanisani hanyamazi. "Mama Herme, tutabanana humo kama simbilisi! Halafu ona yale matundu mawili juu. Upepo mbaya utatuingia masikioni, tushuke midomo imepinda."

Wenzake wakaitikia. Hata mimi niliitikia, siwezi kusema uongo. Kwetu kila mtu anajua upepo mbaya hupita kwenye tundu dogo, ukikupata umelala unakupindisha shingo.

"Umesikia?" Don Rolando akasema. "Wenyewe wanataka la njano."

"Wenyewe wanataka na chicha saa mbili asubuhi. Huwa unawapa?" Akasimama, akajipangusa magoti. "Kesho mchana tupande Huayrapunta. Wewe na wapagazi wako mkae kwenye la njano, mimi kwenye jekundu. Upepo ndio utaamua."

"Na nikikataa?"

"Nitakaa hapa mlangoni. Umeshaniona nikikaa."

Alikuwa ameshamwona. Kesho yake nikapakia nyumbu, tukapanda watu watano.

Huayrapunta ni pale njia inapovuka mgongo wa mlima, na wenye akili hupita haraka. Tukasimamisha mahema mawili, la njano kwa makelele na nyimbo, jekundu kimya kimya, mimi na Hermelinda. Alinifundisha kuzika vigingi kwa mawe na kugeuza mgongo wa hema upande wa upepo. Nilipolegeza kamba moja aliniita jina lisiloandikika. Kisha Don Rolando, Fausto na Sabino wakaingia kwenye la njano na chupa yao. Wakatuchungulia dirishani wakitupungia mikono.

Saa nane upepo ukaja. Kwanza la njano likainama kama linasalimia. Likainuka, likainama tena, halafu nikasikia fito ikivunjika, pa! Nguo ikajaa, madirisha yakachanika, na viazi walivyokuja navyo vikateremka bondeni kimoja kimoja. Wakatoka kwa magoti, Don Rolando mbele, kofia hana. Wakaja moja kwa moja kwetu. Hermelinda akafungua zipu akawapisha. Nilitamani awaseme kidogo, maana mimi nilikuwa na maneno tele.

Tulikuwa watano kwenye hema la watatu. Lilitetemeka lakini halikuhama. Hermelinda alikuwa anapika supu kwenye jiko la gesi pale mlangoni, mlango wazi nusu. Sabino, meno yanagongana, akauvuta akaufunga. Baridi ikawa inashuka kutoka juu, kwenye tundu la upande wangu, ikinichoma sikio. Nikavua kofia yangu ya sufu nikaliziba nayo. Sikufikiri. Mama yangu aliziba nyufa za ukuta kwa sufu maisha yake yote, nami niliziba vilevile. Kila mtu akashusha pumzi, joto likaanza kutukolea.

Kofia ikatoka kwenye tundu ikanipiga usoni.

"Teófilo!"

Miaka kumi na tisa Hermelinda hajawahi kuniita jina langu. Akapiga teke mlango, akazima jiko.

"Nani alimuua Grimaldo?" akauliza.

Sabino akasema taratibu, "Mlima, mama."

"Mlima haujui kushona! Nilishona mimi. Hema lao lilikuwa na matundu kama haya. Walitaka yazibwe, upepo mbaya usiwapate, nikayaziba. Mshono wa mara mbili, mzuri, mpaka leo haujafumuka. Wakawasha jiko wayeyushe theluji, sumu ya jiko ikakosa pa kutokea. Basi. Mlima ulikuwa umekaa kimya pale pale ulipo. Na nyinyi mwaka wa tatu mnauomba radhi mlima, mnaniachia mimi niwashonee tena!"

Fausto alimtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Hata yeye alikuwa hajui. Don Rolando alikohoa. Mimi nilitazama soksi zangu.

Jumamosi walipanda na mahema mawili mekundu. Walipigwa na dhoruba siku mbili mfululizo, wakashuka wote sita, Sabino analalamikia masikio yake ambayo yalikuwa mazima kabisa. Lakini ninachotaka kusema kilitokea siku moja kabla, Ijumaa, uani kwa Don Rolando.

Yale mahema mekundu yalikuwa na vifuniko kwa ndani, vya kufungia matundu ukitaka; kule juu vilikuwa vimekunjwa, sikuviona. Hermelinda alikuja na mkasi. Kwa nje alikuwa ameshayashonea matundu kofia ngumu zilizo wazi kwa chini, hewa ipite theluji isiingie, na sasa alitaka kuvikata vile vifuniko, kisiwepo kitu cha kufungia.

"Wewe mama una wazimu!" Don Rolando akapiga kelele. "Hema jipya! La wageni!"

"La wapagazi. Na wageni wako wakitaka kufa, walete lao."

"Nitakukata kwenye malipo yako!"

"Kata. Mimi nakata hapa, wewe kata huko."

Wapagazi wote walikuwapo, Fausto amesimama karibu naye kabisa, mikono mitupu. Hermelinda akaingiza kichwa hemani, kisha akakitoa na kuangaza uani mzima.

"Nyumbu," akasema. "Njoo unishikie kitambaa."

Hakuniita bure. Miaka mitatu iliyopita, mtu aliyempelekea Hermelinda hema la Grimaldo juu ya nyumbu alikuwa mimi. Mimi ndiye niliyemwambia, "Shona, shemeji, shona imara, vijana wasipigwe na upepo." Yeye alisitasita, nami nikamcheka. Nikamshikia kitambaa kikanyooka, akashona. Na pale Huayrapunta, mbele ya watu wote, alisema, "Nilishona mimi," akaishia hapo. Hakunitaja. Angeweza kunitaja siku yoyote katika miaka hiyo mitatu.

Nikaingia hemani. Nikashika kifuniko kwa mikono miwili, nikakivuta kikanyooka. Akaweka mkasi. Kabla hajakata nikasema kwa sauti, Fausto asikie, Sabino asikie, bosi asikie:

"Na mara ile nyingine pia niliyeshika ni mimi. Nilimlazimisha ashone, halafu nikamshikia kitambaa."

Hermelinda hakunitazama. Nilimsikia akivuta makamasi, basi.

"Sasa shika vizuri," akasema, "nyumbu wewe." Akakata.