Maua Yaliyomzoea Dada

Shemeji yangu aling'oa mboga za dada ili apate pa kupanda plastiki. Nayasema haya mapema usije ukamwonea huruma baadaye.

Mtaani tulimwita Bwana Maua, naye maskini akadhani ni sifa. Hajawahi kumwagilia hata jani moja, lakini mpe kipaza sauti akueleze uhusiano wa binadamu na mazingira, utaomba kiti. Maua yake aliyakata kwenye chupa na mifuko, akayafunga juu ya vijiti vya chuma, kila moja na mota yake ndogo. Katikati akafukia kifaa cha kusikiliza kilichounganishwa na kompyuta. Mtu akisema, maua yanafunguka.

"Yanaisikia roho ya binadamu," alituambia, mdomo umejaa wali.

Kompyuta ilibidi ifundishwe sauti ya huyo binadamu, basi akaiwasha uani msimu mzima, akaiacha isikilize. Na uani alikuwepo nani? Dada tu, anafua, anaanika, anasema.

"Baba watoto, nataka bustani yangu. Watoto niwapikie mota?"

Shemeji hakuinua hata kichwa. Sikio la kufa halisikii dawa. Ila kompyuta ilikuwa inasikia yote.

Siku ya maonyesho ya sanaa akayahamishia maua ukumbini, uani yakabaki mashimo. Watu walifurika. Mgeni rasmi, mama wa makamo mwenye miwani mikubwa, akayainamia maua.

"Hamjambo?"

Hakuna ua lililofunguka. Akarudia kwa sauti ya hotuba. Yakabaki yamefumba. Shemeji akapiga makofi, akapiga mluzi, akabembeleza, jasho likamtiririka hadi kwenye kola. Mimi nilicheka, sifichi. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa hamu.

Ndipo akamkumbuka mkewe, aliyesimama mlangoni na mkoba wake.

"Mke wangu, njoo useme nayo!"

"Niseme nini?"

"Chochote! Yale unayosema kila siku."

Dada akaweka mkoba chini.

"Ya kila siku? Haya. Nirudishie bustani yangu! Umeng'oa chakula cha watoto ukapanda chupa, halafu unajiita mpenda mazingira!"

Maua yakafunguka yote, mpaka yale ya ukutani kabisa. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mgeni rasmi akavua miwani, akafuta machozi, akasema sanaa ya kweli kama ile hajapata kuiona. Akaomba dada awe anakuja kila siku hadi maonyesho yafungwe.

"Nitakuja," dada akajibu, kipaza sauti mkononi, "akishanilimia."

Kesho yake Bwana Maua alishika jembe, viganja vikatoka malengelenge. Asubuhi hiyo hiyo akapanda mbegu. Jioni nilimkuta amechuchumaa kando ya tuta, na naapa, alikuwa anapiga makofi polepole.

"Shemeji, mbona hazitoki?"

Kabla sijafungua mdomo, dada akatoa kichwa dirishani.

"Mwagilia maji, baba watoto. Kisha unyamaze."