Siku Niliyowamalizia Wageni Kazi Zao

Jambo hili nilikuwa nimeazimia kulificha, lakini kwa kuwa watu wa Kawetele wameshalisimulia wanavyotaka wao, bora mlisikie kwangu, ingawa hata sasa naandika uso ukiniwaka.

Mimi niliishia darasa la saba. Mwalimu Hamisi, aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, yeye na wenzake wa nchi nyingi wanatengeneza programu ya simu ya kumsaidia mkulima kutambua magonjwa ya migomba, ni ya bure, na yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani na kuirekebisha. Alinifundisha mwaka mzima kwa upole katika kikundi chake cha Jumamosi pale shuleni (mimi huwa sijibu swali mpaka liulizwe mara tatu), hadi akanipa ruhusa ya kupitisha marekebisho bila kumwuliza. Siku moja akaniambia, "Tuse, Jumamosi wanakuja wageni kumi na wawili kujiunga nasi, wewe ndiye utakayewapokea. Kila mara watu wanakuja siku moja wanapotea. Safari hii wakipotea, nafunga kikundi."

Siku hiyohiyo nikafungua programu. Kulikuwa na orodha ya kazi ndogondogo zilizokaa tu, picha iliyolala upande, kitufe kisichobonyezeka, kumi na nne kwa jumla, na mimi nikaona aibu kana kwamba ni vyombo vichafu. Kwetu Nkunga mgeni hakuti uwanja haujafagiliwa (mama akisikia mgeni yuko njiani anafagia mpaka nyuma ya choo). Ningeweza kumwuliza Mwalimu, lakini niliona haya, basi nikainamia simu siku tatu, nikazimaliza zote, bando likaisha nikatumia la dada, na Ijumaa orodha ikawa tupu, nikajiona mtu.

Jumamosi wageni wakaja na mvua yao, wakajaa darasani. Mwalimu akawasha projekta, akasema, "Ndugu zangu, kila mmoja achague kazi moja nyepesi, aondoke leo jina lake likiwa humu." Akafungua orodha. Ukutani hakuna kitu.

"Zimekwenda wapi?" akauliza.

Mama Salma, anayeuza vitenge mjini Tukuyu, akacheka. "Jamani, tumeitwa karamuni, sufuria limeshaoshwa!"

Hapo ningesema tu ni mimi, yakaisha. Badala yake nikaficha simu chini ya dawati nikaanza kuyafuta marekebisho yangu, moja baada ya jingine, ili kazi zirudi (hiyo ndiyo akili ya hofu), nimesahau kabisa kwamba mle kila unachofanya kinaandikwa pamoja na jina lako, na ukurasa wenyewe uko ukutani. Nikasikia watu wanacheka, nikadhani ni utani wa Mama Salma bado, nikaongeza kasi, mpaka kijana mmoja wa Mpuguso akaanza kusoma kama anatangaza mpira: "Tusekile amefuta! Tusekile tena! Amefuta!"

"Tuse, acha," Mwalimu akasema. "Umeng'oa na kilichokuwa kizima."

Kweli, programu haikufunguka tena.

Aliponiuliza kwa nini, nilijibu nikitazama viatu vyangu. "Nilitaka wageni wakute pasafi."

Hakucheka. "Mdogo wangu, hizo kazi mimi naweza kuzimaliza kabla chai haijapoa. Naziacha makusudi, mgeni apate pa kushika. Ile ya kwanza uliyofanya wewe, ulidhani mimi sikuiona kabla yako?"

Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Nilitamani sakafu ipasuke. Wakati huo watu wameshaanza kusimama, wanatafuta miamvuli, na mimi ndiye niliyepewa kuwapokea.

Mama Salma peke yake alikuwa bado amekaa. "Sasa wewe binti, hiki ulichovunja si kazi hiki? Njoo unionyeshe."

Nikaenda, nikakaa kando yake. Tulichukua saa nzima kwa kitu cha dakika tano, kwa sababu nilimwachia abonyeze mwenyewe, akakosea, akarudia, mpaka jina lake likatokea ukutani akapiga kigelegele.

Jumamosi iliyofuata walirudi wanne. Mwalimu hakufunga kikundi, lakini wale wanane sijawaona tena pale, na nikikutana nao sokoni natazama chini. Tangu hapo nimeapa sigusi kazi ya mgeni. Nikiiona ya rahisi, vidole vikaniwasha, naweka simu, naenda kukata majani ya ng'ombe, narudi, bado ipo, naiacha vilevile.