Miezi Minne na Siku Kumi

Miezi minne hivi baada ya shangazi yangu wa Kondoa kufiwa na mumewe, aliniomba nimtafutie siku ambayo eda yake ingekwisha: miezi minne na siku kumi. Binti yake alikuwa amejifungua huku Dodoma, na Jumapili angeondoka na mtoto kurudi kazini, mkoa wa mbali. Shangazi alitaka sana kumpakata mjukuu, lakini hakutaka kuivunja eda ya mumewe hata kwa siku moja.

Katika kuandika programu, hakuna ninachokiogopa kama kujumlisha tarehe. Sikusomea chuoni. Nilijifunza mwenyewe kwa kompyuta ya mtumba, na kila siku naishi kama mtu atakayeumbuliwa. Kwa hiyo nilijaribu kila mtego niliojua. Tarehe thelathini na moja ukiiongezea mwezi, inaangukia wapi ikiwa mwezi unaofuata ni mfupi? Na Februari ya mwaka wenye siku ya ziada? Nikahakikisha miezi inaongezwa kwanza, siku baadaye, maana ukigeuza jibu linaweza kubadilika. Likatoka: Jumatatu, siku moja baada ya safari ya binti. Nilimpigia shangazi kwa sauti ya daktari.

“Jumatatu?” aliuliza. “Haya, mwanangu.”

Kesho yake nilikwenda mtaa wa Area D, hapa Dodoma, kumwona binti yake. Alikuwa ananyonyesha.

“Mama alikuwa amepata Alhamisi,” aliniambia. “Sasa anasema kompyuta haidanganyi, basi yeye ndiye mwenye haraka.”

“Haraka ya nini?”

“Ya kutoka eda. Analia. Anaona kama amemsahau baba mapema.”

Nilitoka nje nikampigia.

“Shikamoo, shangazi. Hivi wewe ulihesabuje?”

“Marahaba. Kwa mwezi, kama watu wote. Unaandama, nahesabu.”

Nilikaa kwenye kizingiti. Mimi, ninayesimama nje kila mwaka kuutafuta mwezi wa Ramadhani, nilikuwa nimempa mjane miezi ya kalenda ya ofisini, miezi ya mishahara. Ya mwandamo ni mifupi. Ikifuatana minne, inafika mapema. Nilikuwa nimepima kila kitu, ila sikuuliza ni miezi ipi.

Nilirudia hesabu, nikamuuliza na sheikh wa mtaani kwetu, ndipo nikampigia tena.

“Nimekosea mimi, shangazi. Ni Alhamisi.”

“Usinibembeleze, mtoto wewe. Una uhakika?”

Swali hilo huwa linaninyima usingizi. “Ninao.”

“Kwa hiyo sikuwa na haraka.”

“Hukuwa nayo.”

Alicheka, na katikati ya kicheko akalia. Kisha akapenga kamasi. “Mwambie huyo mwanamke asifunge kanga zote za mtoto kwenye mizigo. Ijumaa nakuja.”

Akaja. Alimpakata mjukuu mpaka chakula kikapoa, akimweleza habari za babu yake, ubishi wake, na jinsi alivyokuwa akikoroma.